Mukaba ya Dada Imakulata

Kule Nyabiondo, mbele sijajua gari ni nini, kanisa yetu ilikuwa na ngoma moja kubwa, na katekista wetu, Papa Zakaria, alikuwa anaihurumia kuliko bibi yake. Mama Zakaria mwenyewe alikuwaka anasema: "Mimi nikipigwa na mvua hakuna mutu anauliza. Ngoma ikipigwa na mvua, nyumba yote inaamka." Alikuwa anasema kweli. Ile ngoma ilivaa ngozi ya ng'ombe, na kamba zake za kuikaza zilikuwa za ngozi vilevile, hakuna musumari hata moja. Mu miezi ya jua ilikuwa inalia mpaka watu wa ngambo ya muto wanasikia. Lakini mvua ikinyesha siku tatu, unaipiga inajibu pu, pu, kama muzee mwenye kikohozi. Njo Papa Zakaria anawasha moto ya majani makavu pembeni ya mulango ya kanisa, anageuza ngoma polepole, anaisemesha, mpaka ngozi inakauka na kujivuta na sauti inarudi. Pasaka moja watu tulisimama inje, nguo zimelowa, padiri amekwisha kuvaa, na misa haianze juu tunangojea ngoma ipate joto. Padiri alikasirika mpaka shingo ikawa nyekundu. Papa Zakaria hakugeuka hata kumuangalia. "Mon père," akasema, "ikikauka nitakuita." Tulicheka sana, sisi watoto. Nilikuwa na miaka nane ao tisa.

Hii ya ngoma naiweka hapa sababu nataka mujue kwamba nilijua. Mwezi uliopita mujukuu wangu alinisomea mu telefone yake kwamba Mama Imakulata amekufa ku Goma, mwalimu mukubwa, watoto wake na wajukuu wanamulilia. Akaniuliza: "Koko, ulimujua?" Nikasema nilimujua kidogo. Chakula ilikuwa imeletwa, sikuigusa. Nilifikiri nitaona uso wake, lakini kitu ya kwanza yenye ilikuja ni ile ngoma, pu, pu, mu mvua ya Pasaka. Kichwa ya muzee iko vile, inaleta kitu wakati imekwisha kuchelewa.

Ilikuwa miaka michache kisha ya uhuru. Nilikuwa na miaka kama makumi mbili na mbili, na nilikuwa shoferi ya Papa Mathias, enspektere ya masomo ku Masisi. Nililala mu chumba nyuma ya jikoni ya bibi yake, Mama Kahindo, kitanda yangu kati ya magunia ya maharagi na makartoni ya chaki. Ukilala pale usiku moja, asubuhi nywele zako ni za chaki na harufu yako ni ya maharagi. Mama Kahindo alikuwa anatupa bugali na sombe ya majani ya muhogo, na siku ya Mungu mashanza, ile maziwa ya kuganda, yenye watu wa ng'ombe wa Karuba walikuwa wanamutumia. Alikuwa anapakua kwanza ya shoferi kisha ya bwana, anasema: "Huyu akianguka na njaa, wewe utaanguka naye mu shimo." Ukuta ya chumba yangu ilikuwa ya mbao tu, nikasikia yote yenye kusemwa mu salon. Na mwaka ule yenye kusemwa haikuwa mazuri. Leo wanakuja watu wa mashamba, watu wetu, wanasema ng'ombe wanakula mihogo na wenyewe wanacheka. Kesho wanakuja watu wa ng'ombe, wanasema vijana wa mashamba wanatuangalia vibaya ku njia, na mupanga mu mukono. Papa Mathias alikuwa anapiga meza: "Mu nyumba yangu tunaongea masomo!" Wananyamaza kidogo, kisha sauti zinarudi, lakini chini. Nilijifunza mu ile chumba kwamba mutu akipunguza sauti njo anasema ile anataka kufanya.

Gari yenyewe ilikuwa ya muzungu moja wa shamba ya kahawa. Wakati alikimbia alimuachia Papa Mathias. Ilikuwa ndogo, rangi ya majivu, na ilikuwa na kitu yenye hatujawahi kuona: mikaba ku viti viwili vya mbele. Unapitisha mukaba ku tumbo, unaingiza ulimi ya chuma mu bukle, ile chuma ya kufungia, inalia ta! na umefungwa. Wanasema ndugu ya ule muzungu alikufa kwao Bulaya, alitoka mu gari kupitia kioo, njo akaagiza ile mikaba. Papa Mathias aliipenda kama dini. "Kufunga kwanza, kusali pili, kuwasha moto tatu." Hata shefu akipanda mbele, anafungwa. Ku soko ya Masisi wamama walikuwa wanatuimbia wakituona: "Enspektere anapeleka mbuzi! Enspektere, hiyo mbuzi ya kulia inauzwa?" Yeye anatoa kofia, anawasalimia, anaendelea. Mimi nilisikia haya mwanzoni, kisha nikazoea, kisha nikaanza kujivuna. Nilikuwa mushoferi wa gari yenye mikaba. Hakukuwa mwingine kutoka Mushaki mpaka Walikale.

Bukle ya kiti ya abiria ni mimi niliivunja. Hakuna mutu mwingine. Ku Karuba nilikuwa napakia bidoni ya maziwa ya Mama Kahindo, nikafunga mulango na nguvu, mukaba ilikuwa inaning'inia inje. Nilisikia kra. Ulimi ikaingia lakini haikushikwa tena, unavuta na kidole kimoja inatoka. Papa Mathias alihuzunika kama mutu amefiwa. "Bauma," akaniambia, "hakuna mutu atakaa mbele mpaka ile kitu itengenezwe. Shuka ku Goma, leta ingine."

Ku Goma fundi wa garage alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo? Hiyo inatoka Bulaya, kaka. Andika barua, kisha oa, zaa, mutoto wako njo atakuja kuichukua." Lakini alikuwa mutu muzuri. Akachimba mu kasha yake, akatoa bukle ya chuma ya mukaba ya mizigo, ya askari, nzito, na meno ndani. Akanionyesha: unakata ushono ya zamani, unatoa bukle yenye kuvunjika, unapitisha kitambaa ya mukaba mu hii mupya, unaikunja, unaishona juu yake mara nyingi. "Lakini ushone na uzi ya nailoni, ile ya nyavu za samaki. Iko hapa ku ziwa, watakupa." Nikamwambia ndiyo, papa, aksanti. Na sikwenda kuitafuta. Nilikuwa na mawazo yangu. Uzi ya samaki! Mimi mutu wa milima, nishone chuma na kitu ya kuvuta sambaza?

Kwetu kitu ikitaka kushika, inashikwa na ngozi mbichi. Mupini ya jembe ukilegea, ngozi. Kitanda, ngozi. Muguu ya kiti ya padiri ilivunjika, wakaivalisha ngozi, na ule padiri alikuwa munene. Unaikata kamba nyembamba ukizunguka kipande kama unamenya kiazi, unailoweka usiku moja, unaifunga yenye kulowa, unaiacha ikauke, na yenyewe inajivuta inakuwa kama mufupa. Nilifanya kazi siku mbili nzima mu jikoni ya Mama Kahindo. Nilikata ushono ya zamani na wembe. Ncha ya kitambaa nilipitisha ku moto juu isifumuke. Nilitoboa matundu kumi na mbili na musumari wa moto, nikapitisha kamba ya ngozi kila tundu mara mbili, nikaivuta na pense, muguu juu ya kiti, meno yamekazana. Kisha nikaining'iniza juu ya moshi ya mafiga. Mama Kahindo alisema: "Leo unapika mukaba? Niweke chumvi?" Siku ya tatu niliigonga ku meza, ikalia kama ubao. Nilifunga mukaba ku muti, tukavuta wanaume watatu, na mulinzi wa stoo ya posho ambaye alikuwa na nguvu ya ng'ombe dume akavuta mwisho. Akaanguka yeye.

Papa Mathias alikuja kuangalia. Nilikuwa nimeifunika ile ushono na kitambaa nyeusi, nimeifunga vizuri, juu ipendeze. Nilijiambia ni juu ipendeze. "Ni ya Goma?" akauliza. Nikasema: "Ni ya Goma, Papa." Bukle ilikuwa ya Goma. Nimehesabu ile jibu mara nyingi mu maisha yangu, na kila mara naona haikuwa uongo, na kila mara naona ilikuwa uongo. Akaingiza ulimi. Ta! Akanipiga ku bega. "Mecanicien," akasema. Kwa neno ile moja ningepanda muti wa miiba.

Mukaba ile ilikaa vizuri miezi miwili, juu ilikuwa miezi ya jua na sisi tulizunguka mu milima tu, Masisi, Mushaki, Karuba, kule upepo inakausha hata mate mu kinywa. Kisha Papa Mathias akamupata mwalimu wa wasichana kwa masomo ya Pinga. Hakuna mutu alikubali kwenda Pinga, mbali vile, mu pori ya Walikale. Dada Imakulata alikubali. Alikuwa binti ya Papa Laurenti, mwenye ng'ombe wa Karuba, ule mwenye kutuma mashanza. Musichana murefu, mwenye kucheka haraka, na alikuwa ananiita Kaka Bauma hata mbele ya watu, mu mwaka ule wenye mutoto wa watu wa ng'ombe akimuita mutoto wa mashamba kaka, watu wanageuka. Baba yake hakutaka aende. Nilikuwa pale siku alikubali. Alimuambia Papa Mathias: "Naona kama nampeleka mutoto mu kinywa ya chui." Papa Mathias akajibu: "Ataenda na Bauma, na atafungwa." Akanigeukia: "Umufunge wewe mwenyewe. Kila mara akishuka, akipanda, wewe." Alikuwa na kazi ku Masisi, hakuweza kuja.

Tulitoka na jua. Nyuma kulijaa vitabu, chaki, godoro yake, jembe mbili, hakukuwa hata pahali pa kuku. Tulilala Nyabiondo, yeye ku masista, mimi kwa watu wangu, na asubuhi tukashuka mu pori. Ule mwenye hajashuka kutoka milima ya Masisi kwenda Walikale hajui. Kule juu mvua inanyesha na inaisha. Kule chini hata pasipo mvua miti inatiririka, hewa yenyewe iko na maji, mukate inaota manyoya mu siku moja. Na siku ile mvua ilikuwa inanyesha, na kioo ya upande wake haikupanda mpaka juu, ilikuwa imekwama tangu zamani. Alitia kitambaa ya kichwa pale, kikajaa maji, maji ikamuteremkia ku magoti, ku mukaba. Alikuwa anaimba. Saa ingine anasimamisha wimbo anasema: "Kaka Bauma, kuna harufu ya ng'ombe humu ndani. Kama kwetu kabisa!" Nikasema: "Ni viatu vyangu, Dada." Akacheka, akasema: "Basi viatu vyako vilikamuliwa leo."

Saa sita tulisimama, tukakula ndizi za kuchoma na maharagi baridi, tumesimama chini ya jani kubwa. Akapanda, nikamufunga. Na vidole vyangu viligusa ile ushono chini ya kitambaa nyeusi. Ilikuwa laini. Ilikuwa laini na ya kuteleza, kama sikio ya ndama. Nilibonyeza, ikabonyezeka. Hapa sitaki kuruka. Niliweza kumuambia. Niliweza kumupa kiti yangu na mukaba yangu, ao kufunga kamba ya godoro mu pahali ya bukle, kazi ya dakika tano. Alikuwa ananiangalia, anatafuna ndizi, anasema: "Papa Enspektere anasema hakuna mecanicien kama wewe." Nikasema tunakaribia. Nikazunguka gari, nikakaa, nikajifunga mukaba yangu, ile ya muzungu, yenye uzi ya Bulaya.

Kulikuwa muteremko ya udongo mwekundu, chini yake daraja ya miti. Sikukimbia, naapa, hata baiskeli ingenipita. Freni zilishika lakini njia yenyewe ilitembea chini yetu. Gari ikaenda ya pembeni, polepole, nikaona kisiki ikija, nikaona hata uyoga juu yake. Ikatugonga upande wa mbele. Mukaba yangu ilinishika tumbo mpaka pumzi ikaisha. Yake ilifunguka. Sikusikia kukatika. Ilijiachilia tu, na yeye akaenda na uso mu kioo.

Nilimubeba ku mugongo kutoka saa nane mpaka jua inaanguka, mpaka dispanseri ya Pinga. Shati yangu nilimufunga ku uso. Hakulia. Kila mara nikiteleza alikuwa anasema mu sikio yangu: "Pole, kaka." Yeye ananiambia mimi pole. Muganga wa pale alitoa vioo, akashona, jicho ya kushoto haikupona. Kesho yake watu wa Pinga walikuja na mimi kuvuta gari. Nilitangulia. Nilisema naenda kuangalia moteri. Nikachukua kisu, nikakata ile ngozi yote, nikatupa mu muto, na bukle nikaitupa vilevile. Mutu aliyefanya vile ni mimi, wala sikuwa mulevi, wala sikuwa mutoto.

Nitawaambia sababu yangu, mutaipima. Kama ningesema, haingekuwa Bauma alishona vibaya. Mwaka ule ingekuwa mutoto wa mashamba alitega binti ya mwenye ng'ombe. Nilisikia zile sauti za chini mu salon, nilijua neno kama lile lingezaa nini ku Karuba na ku Nyabiondo. Hiyo ni sababu ya kweli. Lakini ku daraja, na kisu mu mukono, sikufikiri Karuba wala Nyabiondo. Nilifikiri Papa Mathias atajua sikununua uzi.

Kisha mwezi na nusu wakamurudisha Karuba, na Papa Laurenti akatuita. Papa Mathias alivaa kravati. Wazee walikuwa wamekaa mu nyasi mbele ya nyumba, kasiksi, pombe ya ndizi, mu mutungi, maziwa mu bakuli za muti, na hata wazee wetu wawili wa mashamba walikuja, wamekaa pembeni kidogo, lakini walikuja. Papa Laurenti alisimama na fimbo yake. "Bauma alibeba mutoto wangu ku mugongo, njia ya saa nyingi, mu pori," akasema. "Mugongo ya ndugu njo inabeba vile. Nina watoto wanne wanaume. Leo niko na watano. Aingie mu ng'ombe, achague." Kwao ng'ombe ya namna ile hailipwi na hairudishwi. Ukiishika kamba umekuwa mutoto wa nyumba, wataoa kwako, utazika kwao. Muzee moja wa kwetu akasema kwa sauti: "Basi tumekuwa wakwe za maziwa!" Wote wakacheka, wa ng'ombe na wa mashamba, kicheko moja. Sikuwahi kusikia ile kicheko mwaka mzima. Papa Mathias aliinama ku sikio ya jirani yake: "Tatizo ni hawa wasichana wasomi, hawasikie. Alifungua mukaba mwenyewe juu ilimubana."

Nilisikia vile nikafikiri sikusikia vizuri. Njo Imakulata akaniita kutoka ndani ya nyumba: "Kaka Bauma, kuya."

Alikuwa amekaa ku kitanda, kitambaa nyeupe ku uso. Chumba ilikuwa na harufu ya moshi na siagi. Akaniuliza hali ya Mama Kahindo. Akaniuliza kama gari imetengenezwa. Kisha akasema, sauti ya kawaida tu: "Mi niko mutoto ya ng'ombe. Ngozi yenye kulowa naijua na pua."

Nikavuta mulango nyuma yangu.

"Nimewaambia niliifungua. Wewe pia utasema vile."

"Dada, baba yako..."

"Baba anacheka inje. Unamusikia?" Nilimusikia. "Kama unataka kunifanyia kitu, chukua ng'ombe. Ukikataa watauliza juu ya nini. Kisha utakuja kunisalimia kila Noeli, utaleta watoto yako, na hatutaongea hii tena." Akanyoosha mukono, akagusa mukono yangu, akairudisha. "Ulijua mbele hatujagonga?"

Nilisema: "Nilijua."

Alikuwa ameuliza haraka, kama mutu anayengojea hapana. Ile jicho yake moja ilikaa kwangu wakati murefu. Kisha akageuka ku ukuta na kusema: "Enda. Wanakungojea."

Nilitoka. Nilichagua mutamba mwekundu, mudogo, na wazee wakacheka juu nilichagua kama mutu wa mihogo, niliangalia uso na sikuangalia matiti. Papa Laurenti akanipa kamba mu mukono, akashika kichwa yangu, akaniita jina ya mutoto. Nilikunywa maziwa. Nilisema aksanti, Papa. Nilikaa mpaka kasiksi ikaisha, kisha nikasema naipeleka ng'ombe inywe maji.

Ku kijito nikaiacha. Ilikuwa inakunywa, miguu mbele ndani ya maji. Juu ku kilima walikuwa wameanza kuimba. Blanketi yangu na viatu vingine vilikuwa mu chumba ya Mama Kahindo, kati ya maharagi na chaki. Papa Mathias alikuwa anangojea nimurudishe ku Masisi mbele jua ianguke. Nikavuka ngambo ya pili, nikashika njia ya kushuka, na sikurudi Karuba, wala Masisi, wala kwetu Nyabiondo, mpaka leo.